Mchicha wa asubuhi na mchicha wa jioni: mboga za msimu zinatupa nini hasa

Mvua za masika zilipokolea, shangazi yangu alirudi kutoka soko la Ilala na kapu nusu. Sado ya nyanya ilikuwa imepanda bei, na abiria aliyekaa naye kwenye daladala alikuwa amemtahadharisha kwamba nyanya za wakati huu si za msimu, hazina vitamini na zimejaa dawa. Basi akanunua mchicha. Alipofika nyumbani, jirani naye akamwambia mchicha wa mvua ni maji matupu, afadhali angesubiri wa kiangazi. Shangazi akamwaga mafungu yake mezani, akavuta kigoda, akaniambia: “Mwanangu, wewe ndiye unayesoma haya mambo. Hebu niambie, tule nini?”

Nimetembea na swali lile wiki kadhaa, maana si la shangazi peke yake. Siku hizi ushauri wa “kula vya msimu” unasikika kila mahali: redioni, kliniki ya wajawazito, mpaka kwenye vikao vya harusi. Ushauri wenyewe ni mzuri. Ila unatolewa kwa kifupi mno, kila mtu anaujazia maelezo yake, na mwisho watu wanaogopa mboga ambazo zingewafaa.

Tuanze na maneno, kwa sababu Kiswahili chetu kinatutega kidogo hapa. Mtu akiuliza “leo mboga nini?” anaweza kujibiwa dagaa, maharage au nyama. Mboga kwetu ni chochote cha kushushia ugali au wali. Katika makala hii nikisema mboga nina maana ya mimea tu: majani kama mchicha, matembele, kisamvu, mnavu na figiri, na vile vingine tunavyopika, kama bamia, bilinganya, nyanya chungu, karoti na boga.

Neno la pili ni msimu. Msimu ni kipindi ambacho mmea fulani, mahali fulani, unazaa vizuri kwa hali ya hewa ya pale, bila kusukumwa sana na dawa wala kusafirishwa mbali. La tatu ni lile la mtaani, freshi. Mboga freshi ni ile ambayo haujapita muda mrefu tangu ichumwe.

Msimu na ufreshi tunavitaja kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Chungwa linaweza kuwa la msimu kabisa na bado likawa limekaa kwenye gunia wiki tatu. Mchicha wa bustani ya kumwagilia, katikati ya kiangazi, unaweza kuwa umechumwa leo alfajiri. Lipi bora? Inategemea unatafuta nini, na kila kimoja kina faida yake.

Msimu wetu ni wa mvua na mwinuko

Mengi tunayosikia kuhusu vyakula vya msimu yametoka nchi za baridi kali. Huko udongo ukiganda hakuna kinachoota nje, na nyanya ya Januari lazima iwe imelelewa kwenye nyumba ya joto au imeletwa kutoka mbali. Kalenda yao ina maana kwao. Ukiichukua kama ilivyo na kuileta Temeke au Kisumu, haikusaidii.

Kwetu kinachogawa mwaka ni mvua. Pwani na kaskazini tuna masika, takriban Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Dodoma na Singida wana mvua moja tu, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na baada ya hapo ni ukavu mrefu. Halafu kuna mwinuko. Wakati Dar es Salaam watu wanatafuta kivuli, Lushoto, Mgeta na Njombe kuna ubaridi unaoipendeza kabichi na karoti. Ndiyo maana lori la karoti linaweza kuingia mjini mwezi wowote: linashuka kutoka mlimani, ambako karoti iko nyumbani kwake.

Mboga za majani nazo zina bahati ya pekee. Mchicha unahitaji wiki tatu hadi nne tu tangu mbegu iingie ardhini, kwa hiyo penye kisima na mtu wa kumwagilia, msimu wake hauishi. Matembele ni vivyo hivyo: chuma leo, wiki mbili mbele yamechipua tena. Aliyemwambia shangazi asubiri mchicha wa kiangazi alikuwa anamnyima mboga bila sababu. Mchicha mbichi, wa mvua au wa jua, sehemu tisa kati ya kumi ni maji. Hiyo moja iliyobaki ndiyo yenye kazi, na imo majira yote.

Matunda ndiyo bado yanaheshimu kalenda. Embe linaanza kujaa Novemba na kutuaga mwanzoni mwa mwaka. Mananasi ya Kiwangwa yanamiminika mwisho wa mwaka. Machungwa ya Muheza yanapanga mistari barabarani katikati ya mwaka, wakati wa ubaridi.

Na nyanya? Hapa abiria wa daladala alikuwa na nusu ya ukweli. Mvua nyingi zinaleta bakajani, ugonjwa wa ukungu unaounguza majani ya nyanya kwa siku chache tu. Mkulima anayetaka kuvuna wakati wa masika analazimika kupiga dawa mara nyingi kuliko yule anayevuna katika miezi mikavu ya ubaridi. Kwa hiyo nyanya ya masika ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa imepigwa dawa nyingi, na bei yake kupanda ni jambo la kutarajiwa. Lakini kusema haina vitamini si kweli. Hata miezi mikavu haina amani kamili, kwa sababu ndiyo inayompendeza kantangaze, yule mdudu anayechimba majani na matunda ya nyanya, aliyeingia Tanzania mwaka 2014.

Jani lililochumwa bado linaishi

Sasa tuje kwenye ufreshi, maana hapa ndipo afya yenyewe ilipo.

Fikiria simu uliyoichomoa kwenye chaji. Haizimiki hapo hapo. Inaendelea kufanya kazi, ila kila dakika inakula betri, na hakuna umeme mpya unaoingia. Jani ni hivyo hivyo. Likiwa shambani, mizizi inalipa maji na jua linalisaidia kutengeneza chakula. Likichumwa, linaendelea kupumua, lakini sasa linajila lenyewe. Linatumia sukari yake, linapoteza maji, na baadhi ya vitamini zake zinaharibika kidogo kidogo.

Joto ndilo linaloimaliza betri haraka. Kila joto linapoongezeka nyuzi 10, kasi ya jani kupumua huongezeka mara mbili au tatu. Mchicha uliolala Lushoto usiku wa baridi na mchicha ulioshinda kwenye meza ya soko Dar es Salaam, nyuzi 32, haviwezi kufika sufuriani vikiwa sawa hata kama vilichumwa wakati mmoja.

Nilijaribu mwenyewe jikoni kwangu. Nilinunua mafungu mawili ya mchicha saa moja asubuhi, kwa muuzaji mmoja, kutoka tenga moja. La kwanza nikalizungushia kipande cha kanga kilicholowana na kukamuliwa, nikaliweka sakafuni pembeni ya mtungi. La pili nikaliacha mezani karibu na dirisha. Ilipofika saa sita, la mezani lilikuwa limeinamisha shingo, majani ya juu yamekunjamana kama karatasi iliyoshikwa na mkono wenye jasho. Saa tisa alasiri mashina yalikuwa yanapinda bila kukatika. La kwenye kanga nilipolifungua, shina lilikatika kwa mlio, “kwi”, kama la asubuhi.

Kunyauka tunakuona. Kinachoondoka bila kuonekana ni vitamini C, ambayo ni dhaifu kuliko zote: inaharibiwa na joto, hewa na muda. Majani laini kama mchicha na spinachi yanaweza kupoteza sehemu kubwa ya vitamini C yake ndani ya siku mbili tatu kwenye joto la kawaida la nyumba zetu. Foleti, vitamini nyingine ambayo tutaiona mbele, nayo haipendi joto.

Kuna jambo shangazi alinibishia sana hapa: wauzaji wananyunyizia mboga maji mchana kutwa, kwa hiyo mbona zinabaki freshi? Maji yale yanasaidia kweli, kwa kuwa yanapooza jani na kuchelewesha kunyauka. Ila yakinyunyizwa kwenye jani lililokwisha kulegea, yanarudisha sura tu. Vitamini C iliyokwisha kwenda hairudi na maji ya ndoo.

Hata hivyo, usitupe fungu lililolegea. Karotini inayotengeneza vitamini A, madini ya chuma, chokaa, na nyuzinyuzi (wataalamu wa lishe wanaziita makapimlo) ni vitu vigumu zaidi, na vinabaki kwa kiasi kizuri hata jani likiwa limechoka. Mchicha wa jioni umepungukiwa, haujafa. Tena haraka hii si kwa mboga zote. Majani laini ni ya leo leo. Bamia na bilinganya zinavumilia siku chache. Kabichi na karoti zinakwenda wiki, na boga zima likikaa pakavu linaweza kusubiri wiki nyingi bila wasiwasi.

Basi msimu unatusaidia nini?

Kama ufreshi ndio unaobeba vitamini, kwa nini tuhangaike na msimu? Kwa sababu msimu ndio unaofupisha safari na kushusha bei. Na kwa maoni yangu, bei ni sababu ya kiafya kuliko vitamini yoyote utakayotajiwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, bila kuhesabu viazi na mihogo. Hiyo ni kama viganja vitano vilivyojaa. Sasa tazama sahani ya kawaida: mlima wa ugali, na pembeni kijiko kimoja au viwili vya mchicha, vya kuonjea. Hatuli mboga kidogo kwa sababu hatuzijui. Tunakula kidogo kwa sababu mboga tumeipa kazi ya kushushia, na kwa sababu mama anayepika ana hela ya mafungu mawili kwa watu saba. Msimu unapojaa, hela ile ile inanunua mafungu manne. Embe likiwa la kumwaga, mtoto anakula mawili bila mtu kumhesabia. Hapo ndipo gramu 400 zinapofikika bila mtu kushika mizani.

Faida ya pili ni kuiva. Tunda lililokomaa juu ya mti wake lina utamu, harufu na karotini zaidi kuliko lililochumwa changa kwa kuharakisha soko. Mwanzoni mwa msimu, bei ikiwa bado juu, wapo wafanyabiashara wanaochuma maembe machanga na kuyaivisha kwa kabaidi, ile ile inayotumika kuchomelea vyuma. Embe linakuwa la manjano nje, ndani bado gumu na chachu, na kabaidi yenyewe inaweza kubeba mabaki ya sumu. Hiyo ni tofauti kabisa na kuvumbika ndizi kwa majani. Kuvumbika kunaikusanya tu hewa ambayo tunda lenyewe huitoa likiwa linaiva, wala hakuna sumu yoyote inayoongezwa. Ukisubiri wiki mbili tatu mpaka embe lishuke bei, huna haja ya kuumiza kichwa.

Ya tatu ni kubadilisha. Mvua za kwanza zinaleta mgagani na mlenda pori; baadaye yanakuja majani ya kunde, kisha majani ya maboga, kisha maboga yenyewe. Anayefuata soko anazungushiwa virutubishi tofauti mwaka mzima bila kupangiwa ratiba na mtu.

Mwilini zinafanya nini

Nyuzinyuzi zinafanya kazi ya fundi wa mabomba. Zinalainisha choo, zinawalisha vijidudu rafiki walioko tumboni, na zinapunguza mwendo wa sukari kuingia kwenye damu baada ya mlo. Kwa mwenye kisukari, sahani ambayo nusu yake ni mboga na ugali umepungua ni msaada wa kila siku. Potasiamu iliyomo kwenye majani, ndizi na parachichi inasaidia kusawazisha chumvi na kushusha shinikizo la damu. Vitamini A inalinda macho na kinga ya watoto. Ndiyo ile ile wanayopewa kwa matone mara mbili kwa mwaka, tangu wakiwa na miezi sita mpaka wafikishe miaka mitano. Kuna kingine tusichokisema vya kutosha: foleti, iliyomo kwenye majani ya kijani. Mama akiipungukiwa mwanzoni kabisa mwa ujauzito, mara nyingi kabla hajajua kama ana mimba, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi inaongezeka. Kliniki inatoa vidonge, lakini wengi wanafika kliniki wiki hizo zimeshapita. Mboga za majani za kila siku zinamkuta mama mapema zaidi, kabla ya kadi ya kliniki, ingawa peke yake haziwezi kuchukua nafasi ya vidonge.

Nitoe tahadhari moja. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga anachokula bila kuongea na daktari wake. Potasiamu nyingi inaweza kumdhuru wa kwanza, na vitamini K ya majani inaweza kuvuruga dawa ya wa pili.

Yale tunayoambiana

Kubwa kuliko yote ni la damu. Mtu akiambiwa damu yake imepungua, saa hiyo hiyo anatengenezewa juisi ya matembele, au rozela, au bitiruti, na anahesabiwa siku tatu za kupona. Naelewa mantiki yake: kitu chekundu kiongeze kitu chekundu. Lakini rangi ya rozela na bitiruti haina uhusiano na damu. Matembele yana madini ya chuma, ni kweli, ila si mengi kama tunavyodhani, na chuma cha kwenye mimea mwili unakichukua kwa taabu, sehemu ndogo tu. Ukikamua ndimu juu ya mboga, au ukala na pera au chungwa, vitamini C inaufungulia mlango mwili ukichukue zaidi. Ukichanganya majani na dagaa au kipande cha nyama, vivyo hivyo. Ukinywa chai ya rangi pamoja na mlo, unaufunga mlango ule ule, kwa sababu chai inakikamata chuma na kutoka nacho. Subiri saa moja hivi ndipo unywe chai yako. Halafu damu inapungua kwa sababu nyingi: malaria, minyoo, hedhi nzito, ujauzito. Hakuna juisi inayotibu minyoo. Mboga ni ya kuzuia na kusaidia. Aliyepungukiwa na damu akapimwe na apewe vidonge.

Wapo pia wanaosema maembe yanaleta homa. Maembe yanaiva wakati vuli imejaza madimbwi na mbu wamezaliana, basi homa na embe vinafika mtaani pamoja. Kumlaumu embe ni kama kusema miavuli ndiyo inayoleta mvua.

Na juisi ya matunda? Ukikamua machungwa manne kwenye glasi moja, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio na sukari ya machungwa manne inashuka kwa mpigo. Mpe mtoto chungwa lenyewe alimenye.

Ukitaka vitamini C kwa bei nafuu, tazama pera. Kwa uzito ule ule, pera lina vitamini C karibu mara nne ya chungwa. Linaota nyuma ya nyumba nyingi, watoto wanalila njiani wakitoka shule, nasi wakubwa tunalidharau.

Jikoni ndipo tunapopoteza zaidi

Unaweza kununua mchicha wa alfajiri na kuumaliza kabisa kwa dakika kumi za jikoni. Wengi tunakata kwanza, kisha tunaosha, tena tunaloweka. Vitamini C na foleti zinayeyuka kwenye maji, na kila sehemu uliyokata ni mlango wa kutokea. Osha majani yakiwa mazima, chini ya maji yanayotiririka, ndipo ukate. Pika kwa maji kidogo, funika, muda mfupi. Mchicha ukishalainika na bado una rangi, umeiva.

Kisha kuna magadi. Najua nitawakera baadhi, kwa sababu mlenda bila magadi kwa watu wengi si mlenda. Magadi yanalainisha haraka na kuifanya mboga ing’ae kijani, lakini yanaharibu vitamini C kwa kasi na kuongeza sodiamu, kile kile kinachopandisha presha. Kama huwezi kuyaacha, punguza mpaka yawe ncha ya kidole, na kula tunda pembeni.

Nazi na karanga ni habari njema. Karotini inahitaji mafuta ili mwili uichukue, kwa hiyo matembele ya nazi au mchicha wa karanga yanakupa vitamini A zaidi kuliko majani yaliyochemshwa kavu. Nyanya nayo, ukiipika na mafuta kidogo, ile rangi yake nyekundu inayosaidia mwili inachukuliwa vizuri kuliko mbichi. Si kila kitu kinapungua kwa kupikwa.

Kisamvu ndicho pekee nisichokiombea haraka. Majani ya muhogo yana kemikali zinazotoa sumu ya sayanaidi. Kutwanga kunaziachia, kuchemsha muda mrefu bila kufunika kunaiondoa. Anayekatakata kisamvu na kukikaanga juu juu kama figiri anajihatarisha.

Mboga iliyokaushwa, mboga iliyogandishwa

Wale wa Dodoma na Singida wenye mvua moja hawakukaa miezi saba bila mboga. Walikausha. Bibi mzaa mama, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Kondoa, alikuwa anachuma majani ya kunde mwishoni mwa mvua, anayapitisha kwenye maji ya moto kwa muda mfupi sana, kisha anayatandaza kwenye ungo ndani ya banda, kivulini. Sisi watoto tulikuwa tunamsumbua: kwa nini asiyaanike juani yakauke upesi? Akatujibu kwamba jua linaiba rangi. Miaka mingi baadaye nikasoma sababu: karotini inaharibiwa na mwanga wa jua, na maji ya moto yanazima vimeng’enya vinavyoendelea kulila jani. Kukausha kivulini kunaokoa sehemu nzuri ya vitamini A na karibu madini yote. Vitamini C kwa sehemu kubwa inaondoka, na ndiyo maana ubuyu kwenye uji wa kiangazi una maana kubwa.

Friza nayo inasingiziwa. Kina mama wengi wa mjini siku hizi wananunua kisamvu kilichotwangwa, wanakipika, wanakigawa kwenye vifuko na kukigandisha, halafu wanajihisi wamefanya uvivu. Hawajafanya kosa lolote. Baridi kali inalisimamisha jani pale pale lilipofika. Njegere zilizogandishwa saa chache baada ya kuvunwa zinaweza kuwa na vitamini C zaidi ya njegere “freshi” zilizokaa sokoni siku nne.

Freshi haina maana ya salama

Mboga inaweza kuwa imechumwa nusu saa iliyopita na bado ikakudhuru. Mboga za Bonde la Msimbazi, hapa hapa Dar es Salaam, zimewahi kupimwa zikakutwa na madini mazito kama risasi, kwa sababu ya maji machafu na moshi wa magari. Vijidudu na vumbi vinaoshwa; risasi iliyoingia ndani ya jani haioshwi kwa chumvi wala siki. Kwa dawa za wadudu, kila chupa ina siku za kusubiri kati ya kupiga na kuvuna, na mkulima anayewahi soko anaweza kuziruka. Kuosha kunapunguza dawa iliyobaki juu, hakuimalizi. Kinga bora ni kumjua anayekuuzia, au kuwa na mashina mawili ya matembele kwenye ndoo kuukuu nyuma ya nyumba.

Nilimpeleka shangazi kwa mama mmoja anayeuza mboga kona ya mtaa wetu, na nikamwomba asiulize kama ni za msimu. Akauliza, “Mwanangu, hizi umechuma lini?” Yule mama akamtazama kidogo, akaacha mafungu ya juu, akafunua gunia lililolowana chini ya meza. “Chukua haya, shangazi. Hayo ya juu ni ya jana, haya nimeyachuma leo baada ya swala.” Shangazi akavunja shina moja kati ya vidole viwili, akasikiliza, akachukua mafungu manne.